Picha Iliyoondolewa Altareni: Tafakari juu ya Jumba la Zwinger na Makumbusho yake ya Sanaa

Utangulizi

Wachungaji na wanafunzi wa theolojia wanaokwenda Ujerumani kwa mialiko ya sharika rafiki, wakifika katika mji wa Dresden, jimbo la Saksonia, kwa kawaida hupelekwa mahali pawili. Pa kwanza ni Frauenkirche, kanisa kubwa la Kilutheri lenye kuba la mawe. Pa pili ni Zwinger, jumba la kifalme la mtindo wa baroko, ambalo ndani yake mna makumbusho ya sanaa yenye sifa duniani kote. Kutoka hapa hadi pale ni mwendo mfupi tu kwa miguu. Kanisani tunajua la kufanya: tunaketi, tunaomba, tunasikiliza kinanda. Katika jumba la mfalme hatujui. Tunafuatana na mwenyeji wetu kimyakimya, tunatikisa kichwa kwa heshima, tunapiga picha, tunatoka. Mwandishi wa makala hii naye alifanya hivyo, na aibu ya siku ile ndiyo iliyomsukuma kuandika.

Swali linaloulizwa hapa ni hili: Mkristo, na hasa mhubiri, asimameje mbele ya picha iliyochorwa kwa ajili ya altare lakini leo imetundikwa katika jumba la fahari? Hoja yangu ni kwamba makumbusho yameitunza picha hiyo kwa uaminifu mkubwa, lakini yameiondolea jambo moja ambalo bila hilo haieleweki, yaani mahali pake mbele ya msalaba na juu ya meza ya Bwana. Kazi ya kuirudishia mahali hapo si ya wahifadhi wa makumbusho. Ni kazi ya Kanisa, na chombo chake ni Neno.

Jumba lililojengwa kwa utukufu

Hatuwezi kuihukumu picha pasipo kuitazama kwanza nyumba inayoikaa. Zwinger ilijengwa kuanzia mwaka 1709 kwa amri ya Friedrich August wa Kwanza, mtawala wa Saksonia, aliyeitwa August Mwenye Nguvu. Msanifu wake alikuwa Matthäus Daniel Pöppelmann, na sanamu zake za mawe zilisimamiwa na mchongaji Balthasar Permoser. Halikuwa jumba la kulala mfalme. Lilikuwa uwanja wa sherehe uliozungukwa na vibanda vya fahari na nyumba za kutunzia michungwa wakati wa baridi. Mwaka 1719 mwana wa mtawala huyo alipomwoa Maria Josepha, binti wa nasaba ya Habsburg, sherehe za arusi zilifanyika humo.

Mgeni akiingia kwa lango kuu atainua macho na kuona taji kubwa la Poland limewekwa juu ya lango. Taji hilo lina historia inayotuhusu sisi Walutheri. Mwaka 1697 August aliacha imani ya Kilutheri na kujiunga na Kanisa Katoliki ili aweze kuchaguliwa kuwa mfalme wa Poland. Nchi iliyokuwa chimbuko la Matengenezo ya Kanisa ikawa na mtawala aliyebadili ungamo lake kwa ajili ya cheo. Watu wake hawakumfuata, wala mke wake, Christiane Eberhardine, hakumfuata. Alibaki Mlutheri mpaka kufa kwake mwaka 1727, na Johann Sebastian Bach akamtungia muziki wa maombolezo uliopigwa Leipzig mwaka uleule. Nasema haya bila nia ya kuwabeza ndugu zetu Wakatoliki. Kosa la August halikuwa kuingia kanisa fulani. Kosa lake lilikuwa kuligeuza kanisa kuwa ngazi.

Upande mwingine wa ua, juu ya kibanda kizuri kuliko vyote, amesimama Hercules, shujaa wa Wagiriki wa kale, akiubeba ulimwengu mabegani. Kila aliyealikwa katika karne ile alielewa kwamba Hercules huyo ni mfalme mwenyewe. Martin Luther, katika mjadala wa Heidelberg mwaka 1518, alitofautisha theolojia ya utukufu na theolojia ya msalaba. Mwanatheolojia wa utukufu humtafuta Mungu katika yaliyo makuu na yenye nguvu, mwanatheolojia wa msalaba humwona Mungu alipojificha, katika mateso na udhaifu (1 Kor. 1:18-25). Anayetaka kuiona theolojia ya utukufu ikiwa imechongwa kwenye mawe na asimame dakika tano katika ua wa Zwinger.

Hata hivyo si mawe yanayosema kwa sauti kubwa kuliko vyote. Katika vyumba vya jumba hilo umewekwa mkusanyo wa vyombo vya kauri, na miongoni mwake mna mitungi mirefu ya Kichina, rangi yake buluu na nyeupe. Mwaka 1717 August alivipata vyombo 151 vya namna hiyo kutoka kwa mfalme Friedrich Wilhelm wa Kwanza wa Prussia. Hakuvilipia fedha. Alilipa askari 600. Hadi leo mitungi hiyo huitwa kwa jina la askari hao wapanda farasi. Mtu anaweza kuitazama, akaisifu kwa haki, maana ni mizuri kweli. Lakini asisahau kugawanya: kila chombo kimoja kilinunuliwa kwa karibu watu wanne. Sisi tunaotoka katika pwani na bara ambako binadamu walibadilishwa kwa nguo na shanga hatuhitaji kufafanuliwa hesabu hiyo.

Picha na safari yake

Katika jengo linaloufunga ua wa Zwinger upande wa mto Elbe, lililosanifiwa na Gottfried Semper na kufunguliwa mwaka 1855, ndimo ilimo picha inayowaleta watu kutoka pande zote. Ni kazi ya Mwitalia Raffaello, nayo hujulikana kwa jina la Madona wa Sisto. Iliagizwa na Papa Julius wa Pili, na Raffaello aliichora mnamo miaka ya 1512 na 1513 kwa ajili ya altare kuu ya kanisa la watawa wa Mtakatifu Sisto katika mji wa Piacenza. Urefu wake unapita mita mbili na nusu, hivi kwamba watu waliochorwa humo wanakaribia kimo cha watu halisi.

Mapazia mawili ya kijani yamefunguliwa. Kati yake, juu ya mawingu, Maria anatembea kuja kwetu, miguu mitupu, amempakata Mtoto. Mkono wake wa kuume, yaani kushoto kwetu, yupo Mtakatifu Sisto, aliyekuwa askofu wa Roma, amepiga magoti. Taji lake amelivua na kuliweka chini pembeni, na mkono wake mmoja unaonyesha nje ya picha, upande wetu. Kulia kwetu yupo Mtakatifu Barbara, ameinamisha macho. Chini kabisa malaika wawili wadogo wameegemea ukingo, wanatazama juu.

Kwa muda wa miaka mia mbili na arobaini hivi waumini wa Piacenza waliiona picha hiyo wakati wa ibada. Mwaka 1754 watawa, kwa kuhitaji fedha, waliiuza kwa mwana wa August Mwenye Nguvu, aliyetawala akiitwa August wa Tatu wa Poland. Kanisani kwao imebaki nakala. Picha yenyewe ikawa mali ya mfalme, baadaye mali ya taifa. Katika vita vya pili vya dunia ilifichwa ndani ya handaki, kwa hiyo haikuwamo mjini wakati Dresden ilipoteketezwa kwa mabomu mwezi Februari 1945 na Zwinger ikaungua. Wasovieti waliichukua hadi Moscow, wakairudisha mwaka 1955, na mwaka uliofuata makumbusho yakafunguliwa tena.

Haki idaiyo sifa itolewe. Bila makumbusho, huenda picha hiyo isingekuwapo. Bila makumbusho, wewe nami, tusio wafalme wala watawa, tusingeiona. Wahifadhi wa Dresden si watunza ghala tu. Ni watafiti waangalifu. Mwaka 2021 walimaliza kuisafisha picha ya Mholanzi Johannes Vermeer, ya msichana asomaye barua dirishani, wakaondoa rangi iliyopakwa na mkono wa mtu mwingine baada ya Vermeer kufa, na ukutani nyuma ya msichana likatokea umbo ambalo Vermeer mwenyewe alilichora. Kuondoa kilichoongezwa ili cha asili kionekane ni kazi ambayo mfafanuzi yeyote wa Maandiko ataielewa na kuiheshimu.

Wanatazama nini?

Lakini ipo rangi ambayo dawa ya mhifadhi haiwezi kuiondoa. Watazamaji wengi wa Madona wa Sisto wamejiuliza kwa nini nyuso za Mama na Mtoto zina hofu. Mama hatabasamu. Mtoto amekaza macho kama aliyeona kitu kinachomhusu. Katika chumba cha makumbusho hofu hiyo haina sababu, na kwa kuwa haina sababu watu wameieleza kwa namna nyingi: huzuni ya kila mama, fumbo la uzuri, siri ya msanii.

Wapo wataalamu waliotoa jibu jepesi zaidi na zito zaidi. Wanaona kwamba katika kanisa la Piacenza, mkabala na altare, palikuwa na msalaba wenye sanamu ya Kristo aliyesulubiwa. Ikiwa ndivyo, kila kitu katika picha kinapata mahali pake. Mtoto anakiona kifo chake. Mama anauona upanga ambao Simeoni alisema utampenya moyoni (Lk. 2:34-35). Sisto haonyeshi hewa. Anawaonyesha watu, na nyuma ya watu anauonyesha msalaba. Pazia limefunguliwa, na Maria anamleta Mwanawe ili amtoe. Nao waumini wanaopiga magoti wako katikati, kati ya Mtoto anayekuja na Bwana anayekufa, mahali pale pale ambapo mkate na divai vinagawiwa.

Hata asiyekubali maelezo hayo hawezi kukana kwamba picha ilisimama juu ya altare, na kwamba kila siku chini yake ilitangazwa habari ya mwili uliotolewa na damu iliyomwagika. Leo mbele ya macho yale tuko sisi, tumeinua simu zetu. Mtoto anatazama, wala hapati kitu cha kutazama isipokuwa watazamaji.

Jambo hili linaonekana wazi zaidi katika ile hali ya malaika wawili wa chini. Wao wamekatwa kutoka kwenye picha na kuuzwa peke yao juu ya kadi, vikombe, mifuko na miavuli, hata wamekuwa mashuhuri kuliko Mama na Mtoto. Ndani ya picha macho yao yameinuliwa kwenye fumbo lililo juu yao. Wakikatwa, wanabaki watoto wawili wenye mabawa waliochoka kungoja. Sidhani kwamba upo mfano bora zaidi wa kumwonyesha mwanafunzi wa theolojia jinsi mstari wa Biblia unavyoharibika ukikatwa kutoka kwenye sura yake.

Luther na picha ya Wittenberg

Mlutheri anaweza kujibu kwamba yote haya hayamhusu, kwa kuwa sisi ni watu wa Neno na si wa picha. Anayesema hivyo atembee vyumba vichache zaidi katika makumbusho hayohayo, atafute kazi ya Albrecht Dürer iitwayo Altare ya Dresden: Maria akimwabudu Mtoto aliyelala, na pande mbili watakatifu Antonio na Sebastiani. Picha hiyo haikuchorwa kwa ajili ya Dresden. Iliagizwa na Friedrich Mwenye Hekima, aliyemlinda Luther, kwa ajili ya kanisa la ngome ya Wittenberg, na ilihamishiwa Dresden mwaka 1687. Ni kanisa lile lile ambalo kwalo jina la mji huo linakumbukwa kila tarehe 31 Oktoba, na ambalo katika orodha ya mwaka 1509 lilihesabiwa kuwa na masalia zaidi ya 5,000 ya watakatifu.

Picha ya Dürer haikuvunjwa na Matengenezo. Wakati Luther alipokuwa amefichwa Wartburg, wapo waliotaka picha zote za Wittenberg ziondolewe kwa nguvu. Alirudi mwezi Machi 1522 na kuhubiri mfululizo siku nane. Fundisho lake kuhusu picha linajulikana: haziamriwi wala hazikatazwi, maadamu haziabudiwi. Ziwapo zinaabudiwa, ziondolewe, kama mfalme Hezekia alivyomvunja yule nyoka wa shaba (2 Fal. 18:4), lakini kwanza moyo ufunguliwe kwa Neno, maana mkono ukivunja sanamu kabla ya moyo kuachana nayo, sanamu imehama tu. Tena aliona kwamba hatari iliyo kubwa zaidi haiko kwa maskini anayedhani mti ni Mungu, bali kwa tajiri anayedhani kwamba kwa kuiweka picha kanisani amemtendea Mungu jambo jema na kujipatia stahili.

Fundisho hilo ni kipimo kinachofaa kwa jumba la Zwinger kama lilivyofaa kwa kanisa la Wittenberg. Mfalme aliyeinunua picha ya altare hakuiabudu. Aliifanya ishara ya utukufu wake. Nasi tunaolipa kiingilio hatuiabudu pia. Lakini wapo wanaosimama mbele yake kwa unyenyekevu ambao hawaupeleki tena kanisani. Sanamu imehama. Sasa inaitwa uzuri, au utamaduni, nayo inadai heshima bila kuahidi msamaha.

Sarafu ya Tiziano

Isidhaniwe kwamba picha zote katika jumba hilo zimenyamazishwa. Ipo moja ndogo, ya Tiziano, iliyochorwa mnamo 1516, ambayo jumba halikuweza kuifunga kinywa. Kristo na Farisayo wamesogeleana. Kati yao ni mikono miwili na sarafu. Mkono wa Farisayo una misuli na rangi ya jua. Wa Kristo ni mweupe, mtulivu, haujaigusa fedha. Picha hiyo ilikuwa mali ya Alfonso d'Este, mtawala wa Ferrara, na iliwekwa mahali alipohifadhi sarafu zake. Ilifika Dresden mwaka 1746, pamoja na picha nyingine 99 ambazo August wa Tatu alizinunua kwa mkupuo mmoja kutoka Modena kwa sarafu za dhahabu 100,000.

Kwa hiyo swali la Yesu kuhusu sura iliyochorwa kwenye fedha (Mt. 22:20) limening'inizwa mara mbili katika nyumba ya mtu mwenye fedha, na mara mbili limenunuliwa kwa fedha. Halikukoma kuuliza. Ikiwa sarafu ina sura ya Kaisari na yampasa Kaisari, ni nini basi chenye sura ya Mungu? Wale askari 600 walikuwa na sura ya nani? Mhubiri anayetafuta mahubiri juu ya andiko hilo atayapata kati ya ukuta wa Tiziano na kabati la mitungi ya Kichina.

Sisi na vitu vyetu

Wasomaji wa jarida hili hawaitazami Saksonia kama wageni kabisa. Chama cha misioni cha Leipzig kilianzia Dresden mwaka 1836 kabla ya kuhamia Leipzig. Wamisionari wake walifika Kilimanjaro mwaka 1893, wakaanza kazi Machame. Bruno Gutmann, aliyeishi miongoni mwa Wachaga miaka mingi na kuandika mengi juu ya mila zao, alizaliwa Dresden mwaka 1876. Injili ilitufikia kutoka katika nchi ya Zwinger, na tunamshukuru Mungu.

Lakini njia iliyoleta Injili ilipitisha pia vitu kwenda upande wa pili. Katika miaka ya ukoloni vyombo vingi vya Afrika, vikiwamo vilivyotumika katika ibada na mazishi, viliingia katika makumbusho ya Ulaya. Tangu 2010 makumbusho ya mila za mataifa ya Leipzig, Dresden na Herrnhut yamekuwa chini ya taasisi ileile inayoitunza picha ya Raffaello. Nyumba ni moja, na swali ni moja. Madona wa Sisto angalau aliuzwa na wenyewe. Je, kila kitu chetu kiliuzwa na wenyewe?

Wala tusiwalaumu wageni peke yao. Wapo watumishi wa Kanisa walioagiza vitu vya wazee vichomwe, na wapo waliovikusanya na kuvisafirisha. Wa kwanza walisahau kwamba moyo hubadilishwa kwa Neno, wa pili walisahau kwamba kitu kina wenyewe. Kwa hiyo napendekeza kwamba mwanafunzi wa theolojia, asimamapo mbele ya kitu chochote cha ibada ndani ya makumbusho, kiwe cha Piacenza au cha Kilimanjaro, aulize maswali matatu: Kilisimama wapi? Kilielekea nini? Nani alilipa, na alilipa nini? La kwanza litampa historia, la pili theolojia, la tatu maadili. Asiyeuliza la pili atakuwa mtalii. Asiyeuliza la tatu atakuwa mgeni wa mfalme.

Hitimisho

Nilisema kwamba wageni hupelekwa mahali pawili. Wengi wetu tulianzia kanisani tukaishia katika jumba. Ningewashauri watakaokwenda wageuze mpango huo: waanze Zwinger, wamalizie Frauenkirche.

Kanisa hilo nalo ni la mtindo wa baroko. Lilijengwa kati ya 1726 na 1743 na watu wa mji uleule uliokuwa na mfalme asiye wa ungamo lao, na hilo latosha kutuonya tusilaumu uzuri wala ufundi kwa ajili ya makosa ya wakubwa. Lilianguka tarehe 15 Februari 1945, likabaki rundo la mawe kwa zaidi ya miaka arobaini. Lilijengwa upya na kuwekwa wakfu tarehe 30 Oktoba 2005. Msalaba wa dhahabu ulio juu ya kuba lake ulifuliwa na fundi Mwingereza ambaye baba yake alikuwa rubani katika mashambulizi yale yaliyouchoma mji. Msalaba wa zamani, uliopatikana kifusini umepinda na kuungua, umewekwa ndani ya kanisa.

Anayetoka mbele ya Madona wa Sisto akiwa bado anayakumbuka macho ya Mtoto, akavuka uwanja, akaingia humo na kuuona ule msalaba uliopinda, atakuwa amekutanisha vitu viwili ambavyo vilitenganishwa kwa muda mrefu. Hatahitaji kuirudisha picha Piacenza. Atakuwa ameurudisha msalaba mbele ya macho ya Mtoto. Kisha na aende akahubiri.